Mjusi wa Tendaguru Anavyoingia Uwanjani

Katika makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin amesimamishwa mjusi wa kale, dinosaria, mkubwa kuliko mnyama yeyote wa nchi kavu aliye hai leo. Kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13.27. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, hapa kwetu Lindi, mwendo wa miguu wa siku tatu hadi nne kutoka mjini. Wajerumani waliichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, risasi za Maji Maji zikiwa zimenyamaza juzi tu na njaa iliyofuata haijamtoka mtu moyoni. Mwaka 1937 wakaiunganisha, wakamsimamisha.

Kikundi chetu cha maigizo kilipoamua kucheza habari za mifupa hiyo, hatukuanza na nani atakuwa nani. Tulianza na swali la fundi: mnyama huyu ataingiaje uwanjani? Hatuna ukumbi. Hatuna pazia, wala dari la kufichia kamba na kapi. Tuna uwanja wa shule ya msingi, mwembe mkubwa upande mmoja, upepo wa bahari unaopanda kila alasiri, na watu wanaokuja na watoto mgongoni na vigoda mkononi. Katika miaka yangu yote ya maigizo sijapata swali lililonifundisha kazi hii kuliko hilo. Naandika kwa sababu naamini kusini hii ina shule kubwa ya ufundi wa jukwaa, wazee wake bado wapo, na vijana wetu wanaipita njiani wakienda kukodi spika.

Nianze na hizo spika, maana ndiko kunakouma.

Maigizo ya hadharani Lindi na Mtwara yamekuwa na umbo moja. Mradi unaleta ujumbe: chanjo, mimba za utotoni, viuatilifu vya korosho. Lori linafunguliwa ubavu, likawa jukwaa. Nyuma linatundikwa bango lenye nembo za wafadhili, spika zinasimamishwa kulia na kushoto, na waigizaji sita wanapewa maiki mbili. Mama aliyefiwa na mwanawe anakatisha kilio, anamkabidhi mganga maiki, mganga anasema yake, anairudisha, mama anaendelea kulia. Mkono mmoja wa kila mwigizaji hauna kazi nyingine ila kushika maiki. Mgongo hauna kazi kabisa, kwa kuwa nyuma kuna bango. Watu wamesukumwa upande mmoja. Walio mbele wameziba masikio, walio nyuma wanaona visogo vya wenzao. Lori limeegeshwa pale litakapopata urahisi wa kutoka, hakuna aliyeuliza jua litakuwa wapi saa kumi na moja, na waigizaji wanacheza mchezo mzima wamekunja nyuso.

Siwalaumu wasanii. Mradi ndio unaonunua unga nyumbani, na ujumbe wenyewe mara nyingi ni wa kweli na una faida. Ninacholaumu ni umbo, na umbo hilo lina historia. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilipoundwa mwaka 1964, sindimba ya Wamakonde ikatoka Newala na kuwa ngoma ya nchi nzima, ikapigwa kwenye viwanja vya mpira na kumbi za wageni. Ilipata heshima kubwa, na iliistahili. Lakini huko ilibidi ifupishwe na igeuzwe. Ngoma iliyozoea kuzunguka ikafundishwa kumtazama mgeni rasmi.

Mwachie mtu wa Newala au Nachingwea kiwanja kitupu na ngoma tatu, uone watu watakavyokaa. Hakuna atakayewapanga. Watazunguka, wataacha njia moja upande wa wapiga ngoma, na watoto watapenya mbele wenyewe. Duara hilo lina sheria zake, na mwigizaji asiyezijua ataumbuka. Hakuna upande wa nyuma, basi mgongo nao lazima useme. Sentensi ndefu haifiki popote, kwa sababu ukiwageukia wa mashariki, wa magharibi wanabaki na upepo. Ndiyo maana mtambaji wa hadithi na manju wa ngoma husema kwa ufupi, wakarudia, wakaingiza kiitikio. Wengi huchukulia kiitikio ni pambo la wimbo. Mimi nimesimama nyuma kabisa ya duara kubwa, mahali ambapo sauti ya manju ilikuwa imekwisha kukatika njiani, na nikapata kila neno kwa vinywa vya walio mbele yangu. Hadhira ndiyo spika. Tena mtu aliyelitamka neno kwa kinywa chake mwenyewe hafiki nyumbani akawa amelisahau, jambo ambalo mradi wowote wa chanjo ungelilipia fedha nyingi kama ungejua linapatikana bure.

Mwishoni mwa mwaka 1972 mwongozaji wa Kiingereza Peter Brook aliondoka Paris na waigizaji wake, wakavuka Sahara hadi Niger na Nigeria. Wakifika kijijini walitandika zulia, wakacheza juu yake bila lugha ya pamoja na watazamaji. Kule Algeria mchezo mmoja ulianza na jozi ya viatu vilivyowekwa katikati ya zulia, basi, na watu wakavitazama. Safari ile imesifiwa sana katika vitabu vya sanaa za maonyesho na mimi naiheshimu, kwa kuwa Brook alikuwa na jina kubwa na kumbi nzuri kwao, akaziacha aende kujifunza nini kinabaki ukiviondoa vyote. Kilichobaki ni ardhi, mpaka wa uwanja, na kitu kimoja cha kutazamwa. Hivyo vitatu tunavyo.

Sasa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Nitasema yale tu yaliyokwisha kuandikwa vitabuni na kuwekwa wazi kwenye makumbusho. Ya jandoni ni ya jandoni, yabaki huko. Lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwa kizima. Kinachongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi kikabandikwa nywele za mtu kweli kwa nta. Mchezaji hatazami kwa macho ya kinyago. Anatazama kwa mdomo wa kinyago. Lishike jambo hilo moja, uone linavyofanya kazi. Macho ya kinyago yanakuwa juu ya macho ya aliye ndani, kwa hiyo kiumbe kinapita kimo cha mtu. Uso umeinamia nyuma kidogo, kwa hiyo kinaonekana kinatazama kitu kilicho juu ya vichwa vyetu, kitu tusichokiona. Kitambaa kilichofungwa ukingoni kinashuka mpaka mabegani, kwa hiyo shingo imepotea, na kiumbe kisicho na shingo hakiwezi kugeuka kibinadamu. Kinageuza mwili mzima, au kinatikisa kichwa kwa kasi inayotisha. Mikono na miguu imefunikwa, ngozi haionekani hata ya kidole, na mwilini kuna njuga.

Halafu njoo kwenye mpangilio. Lipiko halianzii katikati ya uwanja. Linatoka porini, mbali, na watu wanaliona kabla halijawafikia. Ngoma zinaliita, linakuja. Ngoma zinakatika ghafla, linaganda. Linapokaribia, wanawake na watoto wanarudi nyuma na duara linapanuka. Linapogeuka, duara linafunga tena. Uwanja wenyewe unapumua. Ukumbi wenye viti vilivyofungwa kwa misumari sakafuni hauwezi kufanya hivyo hata ukiujenga kwa mabilioni.

Kuna pia bamba la mti lililochongwa tumbo la mjamzito, na matiti, na chale za Kimakonde. Anayelivaa kifuani pamoja na uso wa kike ni mwanamume. Anacheza mimba mbele ya wanawake waliozaa, na hao ndio watakaoamua kama ameweza au ameshindwa. Mtu akiniuliza maigizo ya majaribio ni nini, humwambia aende akalitazame tumbo hilo kwanza. Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya filamu, akapiga picha ngoma za huku. Kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu, upande mmoja. Nahisi hata leo tunaendelea kucheza kwa ajili yake.

Katika kikundi chetu yumo mzee mmoja mchongaji, Mmakonde wa Newala, ambaye vijana humsalimia kwa kupiga goti hata kama tunachelewa. Kwake yeye suala la mjusi lilikuwa limekwisha kabla hatujaanza. Mnyama afunikwe magunia kuanzia puani mpaka chini, asionekane mtu. “Mwanangu,” aliniambia, “ukishaonekana wewe, chenyewe kimekufa.” Vijana wakamuunga mkono.

Mimi nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilitokana na hadithi yenyewe. Mifupa ya Tendaguru haikupanda gari. Ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, hadi bandari ya Lindi. Katika misimu mitatu ya mwanzo peke yake ilihesabiwa mizigo kama 4,300. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ujuzi wake wa kufukua na kutunza mifupa Wajerumani wenyewe waliuandika. Kule Berlin mtu anasimama chini ya mnyama na kutazama juu. Hakuna bega la mpagazi hata moja linaloonekana. Tukiwaficha wabebaji ndani ya magunia, na sisi tutakuwa tumewaficha mara ya pili.

Wajapani kwenye vikaragosi vyao vya bunraku wana njia nyingine ya zamani. Kikaragosi kimoja kinachezeshwa na watu watatu, wote wako mbele ya macho yako: mmoja ana kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Wanavaa nguo nyeusi, na makubaliano kati yao na watazamaji ni kwamba aliyevaa nyeusi hayupo. Fundi mkuu mara nyingi huacha uso wake wazi. Wenzetu wa Handspring, kampuni ya vikaragosi iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1981, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 walitengeneza farasi wa fremu ya henzirani kwa ajili ya National Theatre ya London, kila farasi mkubwa anachezeshwa na watu watatu waziwazi. Wanachokitunza kuliko vyote ni pumzi. Hata akisimama tuli, kifua cha farasi kinapanda na kushuka, na mtazamaji anakiamini kifua kabla hajapata muda wa kuhesabu miguu ya watu.

Nilimwonyesha mzee kipande cha video kwenye simu. Alikitazama, akanirudishia simu, akaichukua tena.

“Hawakujificha,” akasema.

“Ndiyo, mzee. Wanaonekana kabisa.”

“Lakini hawatutazami sisi. Umeyaona macho yao? Wote wanamtazama farasi. Basi na mimi nikamtazama farasi.” Akanyamaza kidogo. “Hao wamejificha, mwanangu. Wamejificha kwa macho.”

Sijasikia mwalimu yeyote wa vikaragosi akiieleza kazi hiyo kwa ufupi na usahihi wa namna ile, na kuanzia hapo ndipo mimi na mzee tuliweza kuvunja ubishi. Tulikubaliana hivi: kichwa kitakuwa chake, kitafungwa kwa sheria za lipiko, asionekane mtu. Shingo itakuwa yangu, na wabebaji wake watakuwa wazi, vifua wazi, ngata kichwani, macho yote juu ya mnyama.

Handspring waliwahi kutengeneza pia twiga, mwaka 2004, kwa kushirikiana na kikundi cha vikaragosi cha Sogolon cha Mali. Mchezo ulikuwa juu ya twiga ambaye mtawala wa Misri alimpeleka zawadi kwa mfalme wa Ufaransa, akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. Twiga wao alifika mita 5, na ndani yake walikuwamo watu wawili juu ya miti mirefu ya kutembelea. Nilipolisoma hilo nilicheka kwa furaha. Sisi tuna ngongoti! Kijana wa ngongoti anayecheza juu ya miti mirefu kuliko kimo chake, akakimbia, akasimama kwa mguu mmoja, huku kwetu humtafuti kwa tangazo. Unamtafuta kwa kuuliza tu ni mtoto wa nani.

Basi kichwa kikapewa ngongoti.

Shingo ilituchukua muda. Ya mnyama mwenyewe inapita mita 8, na ukijaribu kuibeba kwa nguzo ndefu peke yake upepo unaichukua na mtu wake. Tulipasua mianzi tukapata fito, tukazikunja pete: kubwa ya kwanza mtu anapita ndani yake ameinama, ya mwisho ni ya kuingiza mikono miwili. Pete zimeunganishwa kwa kamba tatu za katani, moja juu na mbili ubavuni. Katikati ya pete na pete tumefunga vipande vya tyubu za baiskeli. Tyubu ndiyo siri. Kamba inazuia pete zisiachane, tyubu inazivuta zirudiane, kwa hiyo mbebaji wa nyuma akishusha mkono, mtikisiko haukatiki. Unasafiri pete kwa pete hadi mbele, na kichwa kinachelewa kidogo kuupokea. Kule kuchelewa ndiko kunakompa uzito. Kikaragosi chepesi kikijibu papo hapo, kila mtu anajua ni kitu cha mianzi. Kikichelewa, mwili wa mtazamaji unahisi tani.

Tulifunika kwa magunia ya korosho, yale ya juti yanayobaki maghalani yakiwa yametoboka. Tuliyachana nyuzi na vipande, tukayaacha yaning'inie, kwa sababu gunia zima ni tanga na tanga kazi yake ni kuondoka na upepo. Yakichanwa, upepo unapita ndani na ngozi ya mnyama inatembea yenyewe hata shingo ikiwa imetulia. Hiyo ikawa pumzi yetu. Hatukuibuni, tuliletewa na bahari saa tisa alasiri.

Na mianzi haikuchaguliwa kwa kuwa ni rahisi. Mifupa mikubwa ya Tendaguru ilifungwa ndani ya maganda ya mianzi ili isivunjike njiani, na baadhi ya maganda hayo yalikaa Berlin zaidi ya miaka mia bila kufunguliwa. Mti uliombeba mnyama kumtoa ndio sasa mifupa yake anaporudi. Watazamaji hatuwaambii hilo kwa mdomo. Mwanzoni mwa mchezo wanaona mafungu ya mianzi yanapita vichwani mwa watu, na baadaye wanaona mianzi ileile imeinuka na kuwa shingo.

Hata hivyo mnyama wetu hafikii mita 13. Na ngongoti na kichwa na yote, anafika kama 6. Zilizobaki tunazipata usiku.

Taa ya pikipiki ya siku hizi, ile yenye jicho moja la LED, inakula umeme wa volti 12. Betri ya pikipiki iliyochajiwa mchana kwa paneli ya jua inamaliza mchezo bila shida. Kuiwasha ikiwa kwenye bodaboda yenyewe haifai, injini inameza maneno ya waigizaji. Jicho liwe moja, kwa kuwa taa ya macho mengi inatoa vivuli vingi vinavyofutana. Taa ikiwekwa chini kabisa na mnyama akasimama mbele yake, kivuli kinapanda kwenye kilicho nyuma yake, nasi nyuma tuna mwembe. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: kama kutoka kwenye taa hadi mwembe ni mara mbili ya kutoka kwenye taa hadi mnyama, kivuli ni mara mbili ya mnyama. Ongeza hatua chache na mita 6 zinakuwa 13. Kimo kamili cha mjusi wa Tendaguru, kama alivyo Berlin, kinasimama juu ya majani ya mwembe wa Lindi, na majani yanapotikisika mnyama mzima anaishi. Watu hupiga kelele hapo. Wengine husimama. Mimi mwenyewe, ninayejua kila pete na kila fundo, mwili hunisisimka.

Shida yake ni mwezi. Mbalamwezi inafuta kivuli, na watu wetu wanapenda kuja ngomani siku za mbalamwezi ili warudi nyumbani wakiona njia. Tunatangaza kwa kutazama kalenda ya mwezi, tunachagua giza, na tunaanza mapema ili wenye watoto wawahi.

Sehemu ya maji nimeiweka mwisho kuieleza ingawa kwenye mchezo iko mwanzo. Huwezi kucheza Tendaguru bila Maji Maji. Vijiji vilivyotoa wabebaji ni nchi iliyokuwa imetoka kupigwa. Na huwezi kuigusa Maji Maji jukwaani bila kupita mlangoni kwa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliyeandika Kinjeketile mwaka 1969. Kwa mtu wa kazi yangu, zaidi hata ya tamthilia hiyo ninaithamini Jogoo Kijijini ya mwaka 1976, ambamo aliondoa karibu kila kitu na kumwacha mtambaji mmoja asimame peke yake abebe wahusika wote. Hayo yalikuwa majaribio makubwa, kutoka kwa mtu aliyesoma hadi udaktari wa maigizo ya Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, akaumaliza mwaka 1975. Makumbusho yenye mjusi wetu wakati huo yalikuwa mali ya chuo hichohicho. Msomi wa Kilwa na mifupa ya Lindi, chini ya chuo kimoja, ugenini.

Simulizi za wazee zinasema Kinjeketile wa Ngarambe, mganga wa Maji Maji, alivutwa na pepo akazama kwenye maji, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka na nguo kavu. Fikiria kazi hiyo kwa fundi wa jukwaa: mtu azame mbele ya watu wote, na atoke mkavu. Tulishona kaniki nyingi pamoja zikawa kitambaa kimoja kipana. Ukingo hatushiki sisi. Tunawapa watazamaji wa mbele, watoto na kina mama, kuzunguka duara zima. Ngoma ikianza polepole wao wenyewe wanaanza kutikisa, hakuna anayewafundisha, na bwawa linajaa mawimbi. Mwigizaji anaingia kwa tundu la katikati akiwa amevaa kaniki. Kitambaa kinafunga juu yake. Anapotoka amevaa shuka nyeupe kavu, aliyokuwa ameivaa ndani tangu mwanzo. Kila aliyeshika ukingo anajua hakuna maji. Amelitikisa bwawa kwa mikono yake. Na bado kina mama husema “Ee!” kwa pamoja, kwa sababu wanachokishangaa hapo ni kwamba wao ndio waliomzamisha na wao ndio waliomtoa. Kaniki ileile baadaye inakatwa kwa kufunguliwa mishono, inakuwa vitambaa vya kufungia mizigo.

Mwisho wa mchezo bado tunaugombania. Kwa sasa shingo inafunguliwa mbele ya watu, pete moja baada ya nyingine. Zinafungwa kwenye kaniki na kila mzigo unawekwa kichwani kwa mtazamaji aliyekubali. Wanatoka kwa ile njia ya upande wa wapiga ngoma, kuelekea baharini, na duara linabaki na mapengo mahali walipokuwa wamesimama. Mimi naupenda mwisho huo. Vijana wanataka uongezwe wimbo wa kumrudisha mnyama nyumbani. Mzee hataki wimbo wala hataki yote yaondoke. Anataka mizigo iende, kichwa kibaki katikati ya uwanja, chini, peke yake, na ngoma zikikiita kisiitike.

Amenishinda kwa hoja. Kilwa tutaucheza kwa mwisho wake. Kazi iliyobaki ni kwamba kichwa tulicho nacho ni cha ukindu, chepesi mno. Kikiachwa chini peke yake upepo utakibingirisha. Cha mti kingetulia, ila ngongoti hawezi kukibeba. Kwa hiyo tunahitaji vichwa viwili, kimoja cha kutembea na kimoja cha kubaki, vifanane kwa kila kovu. Mzee ameshapata gogo na ameanza kuchonga. Nikamuuliza tutavibadilishaje katikati ya watu wote bila mtu kuona. Akasema hilo nimwachie yeye.